Santuri ya mtumba ya Ellington at Newport: anza kuikagua mwishoni

Muuzaji wa santuri akitaka kukuridhisha atakuwekea sindano mwanzo wa upande wa kwanza. Kwa Ellington at Newport, santuri ya tamasha la bendi ya jazi ya Duke Ellington, mshukuru, kisha mwombe aigeuze na kuishusha sindano kwenye upande wa pili, zikiwa zimebaki dakika tatu. Tarumbeta zikitoka safi pale, karibu na lebo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kwingine kote kuna afya. Zikitoka zimepasuka, hakuna sabuni itakayozirudisha zilivyokuwa, na bei inapaswa kushuka.

Sababu ziko mbili, na zote zinafaa kueleweka kabla ya kutoa hela.

Ya kwanza ni muziki wenyewe. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika uwanja wa Freebody Park mjini Newport, Rhode Island, bendi ya Duke Ellington ilipiga Diminuendo and Crescendo in Blue. Hivi ni vipande viwili alivyovitunga mwaka 1937, na usiku ule viliunganishwa na solo ya saksofoni ya tena ya Paul Gonsalves: mizunguko 27 ya bluzi ya baa 12, bila kupumzika, huku Jo Jones, mpiga ngoma wa zamani wa Count Basie, akihimiza mdundo kando ya jukwaa kwa gazeti lililokunjwa. Watu walisimama juu ya viti, wengine wakacheza. Wiki sita baadaye Ellington alikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Columbia iliitoa santuri mwaka huohuo kwa namba CL 934, na wimbo huu wa zaidi ya dakika 14 ukawekwa mwisho wa upande wa pili, baada ya Jeep's Blues. Kwa hiyo kila aliyeinunua aliununulia wimbo huo, na huo ndio aliourudia kila mgeni alipofika nyumbani. Mashine nyingi za nyumbani za miaka ile zilikandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi. Upande wa kwanza unaweza kuwa haujachezwa hata robo ya mara hizo.

Ya pili ni umbo la sahani. LP, yaani santuri ya vinili kama hii, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Ukingoni, sentimita 51 hivi za mtaro hupita chini ya sindano kila sekunde. Karibu na lebo zinapita kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na mawimbi ya sauti nyembamba yanakuwa makali kiasi cha kuishinda sindano mbovu. Na hapohapo, mahali pabaya kuliko pote, ndipo bendi nzima inapopanda kileleni na Cat Anderson anapopiga tarumbeta yake kwenye sauti za juu kabisa. Mhandisi asingeweza kuchagua mahali pagumu zaidi, ila mpangilio wa muziki haukumpa njia nyingine.

Kuijua iliyo mkononi mwako

Namba CL 934 iliendelea kutumika miaka mingi, kwa hiyo peke yake haikuambii umri wa nakala. Tazama lebo. Nakala za mwanzo zina lebo nyekundu yenye alama ndogo za jicho, tatu kushoto na tatu kulia. Wakusanyaji huziita za macho sita, na Columbia ilizitumia hadi mwaka 1962 hivi. Baada ya hapo yakabaki macho mawili, moja kila upande. Kuanzia mwaka 1970 lebo ni nyekundu yenye jina la Columbia lililorudiwarudiwa kwa rangi ya dhahabu kuzunguka ukingo.

Jalada halithibitishi lebo. Santuri za mtumba hubadilishana majalada kwa miaka, na jalada zuri la zamani linaweza kubeba sahani ya baadaye. Itoe nje, isome lebo pande zote mbili.

Kisha tazama ukanda mtupu kati ya mwisho wa mtaro na lebo. Ielekeze sahani kwenye taa na utaona maandishi yaliyochongwa: herufi XLP, namba, halafu mstari na kitu kama 1A au 2C. Hii ni alama ya sahani mama iliyochongwa kwa ajili ya kupigia chapa. Wauzaji hupenda kuitangaza 1A kama ya kwanza na bora. Usiilipie zaidi kwa sababu hiyo pekee, maana Columbia ilikuwa na viwanda zaidi ya kimoja na ilichonga sahani mama kadhaa ili zigawanywe. Herufi na namba zinatofautisha sahani hizo, hazipangi ubora wake. Nakala ya macho mawili iliyotunzwa itakupa muziki mzuri kuliko ya macho sita iliyokwanguliwa na sindano butu.

Jambo moja lina uzito kuliko lebo: iwe mono, yaani sauti ya mkondo mmoja. Mwaka 1956 Columbia ilirekodi tamasha kwa mono, na LP za stereo hazikuwa zimeingia sokoni. Ukikuta nakala yenye namba inayoanza na CS na jalada linalosema "Electronically Re-Channeled for Stereo", hiyo ni mono iliyochujwa na mitambo ili masikio yadhani kuna pande mbili. Sauti nzito husukumwa upande mmoja, nyembamba upande mwingine, na bendi inakosa kitovu. Kubonyeza swichi ya mono hakuirudishi ilivyokuwa. Iache, labda iwe ya kupamba ukuta.

Ulaya, santuri za Columbia ya Marekani zilitolewa chini ya lebo ya Philips hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla CBS, mmiliki wa Columbia, haijasimama yenyewe huko. Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au London, nakala ya Philips inaweza kuwa rahisi kuipata kuliko ya Marekani. Ni mono halali, na mara nyingi haigombaniwi kama macho sita.

Mambo yanayosikika kama ubovu na si ubovu

Hapa ndipo wanunuzi wengi hurudisha santuri nzima, au huvumilia mbovu wakidhani ndivyo ilivyo.

Saksofoni ya Gonsalves iko mbali. Inasikika kama inapigwa nyuma ya bendi, na nyakati nyingine besi na ngoma zinaifunika. Si mtaro uliolika. Jukwaani kulikuwa na maikrofoni za Columbia na za Voice of America, redio ya serikali ya Marekani iliyotangaza nje, na Gonsalves alisimama mbele ya ile ya Voice of America. Columbia ilimnasa kwa pembeni. Kanda ya redio ilipatikana miaka ya 1990 katika Library of Congress, ikalinganishwa na ya Columbia sekunde kwa sekunde, na mwaka 1999 zikatoka pamoja kwenye CD mbili kama stereo. Ukitaka kujua saksofoni ilisikikaje kwa karibu, sikiliza toleo hilo, lakini usiidai santuri ya 1956 ikupe kisichokuwamo ndani yake.

Makofi kwenye upande wa kwanza yanaweza kusikika kama yamewekwa juu ya muziki. Ndivyo yalivyo. Tarehe 9 Julai bendi iliingia studio New York na kurudia sehemu kubwa ya Newport Jazz Festival Suite, utungo wa upande wa kwanza, kisha makofi yakaongezwa. Kwa hiyo usishangae upande wa kwanza ukiwa na sauti kavu zaidi kuliko wa pili.

Na kelele za watu katika solo ndefu, vifijo vinavyopanda kila mizunguko michache, ni sehemu ya muziki. Kazi yako ni kuzitofautisha na kelele za sahani. Njia ya uhakika ni saa. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mkwaruzo unaokatiza mitaro kadhaa hugonga kila baada ya sekunde 1.8, yaani mara kumi katika sekunde 18. Hadhira haipigi makofi kwa mpangilio huo. Ukisikia tiki, tiki, tiki inayorudi sawasawa, tazama saa na uhesabu. Ikikubaliana na 1.8, ni mkwaruzo. Kelele isiyo na mpangilio, kama mafuta yanayokaangwa, ni vumbi, umeme tuli au uchakavu wa mtaro mzima; viwili vya kwanza vinatibika.

Mawimbi ya sauti yanayopanda na kushuka, hasa kwenye noti ndefu ya piano, nayo hurudi kila sekunde 1.8 tundu la katikati likiwa halikutobolewa katikati kabisa. Hakuna dawa ya nyumbani inayofaa. Tazama mkono wa mashine: ukiyumba kulia na kushoto kwa kila mzunguko, umelipata kosa.

Kukagua dukani au kibandani

Beba taa yenye mwanga mkali wa sehemu moja. Ya simu inatosha. Ishike sahani kwa ukingo na lebo, usiguse mitaro, na uielekeze mwanga upite kwa mlalo. Plastiki yenye afya ni nyeusi inayong'aa. Mtaro uliolika hugeuka kijivu, na kwa santuri hii kijivu huanzia ndani: linganisha sentimita tatu za mwisho za upande wa pili na sehemu hiyohiyo ya upande wa kwanza. Tofauti ya rangi ikionekana, umeshajua wimbo upi ulipendwa. Lakini macho hayatoshi. Nakala nyingi zilizochoshwa na sindano nzito bado hung'aa, ndiyo maana zile dakika tatu za mwisho ni lazima zisikilizwe.

Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo, bila kukandamiza. Usioguswa na ukucha mara nyingi hausikiki au hutoa mchakacho mdogo. Unaoguswa utagonga. Unaofuata mtaro, badala ya kuukatiza, ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu unaweza kuifanya sindano iruke au irudie mahali pamoja.

Tazama pia kuzunguka tundu la katikati. Kila mtu anapoweka sahani kwa kupapasa, ncha ya chuma huacha mstari kwenye karatasi ya lebo. Lebo yenye mistari michache imechezwa mara chache, na lebo iliyojaa mistari kama utando wa buibui inajieleza. Huu ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuufuta kwa kitambaa.

Iweke juu ya mashine, itazame kwa usawa wa macho inapozunguka. Mpindo mpole kama sinia huchezeka. Mpindo mkali wa ukingoni, unaoinua mkono ghafla, hufanya sindano ipoteze mtaro. Kwa nakala zilizokaa garini au dirishani kwenye jua la mchana, huo ndio ugonjwa wa kawaida.

Ukipewa nafasi ya kusikiliza sehemu tatu tu, ziwe hizi: dakika tatu za mwisho za upande wa pili, piano ya Ellington mwanzoni mwa Diminuendo, kabla bendi haijaingia, ambapo kila punje ya kelele inasikika, na mwanzo wa upande wa kwanza, kwa sababu ukingo ndio unaoshikwa na vidole. Vibandani Kenyatta Market jijini Nairobi, na madukani kwingine kwenye mashine, hili halichukui dakika kumi.

Kununua kwa picha

Wauzaji wa mtandaoni hutumia herufi za viwango vya Marekani. NM ni karibu mpya. VG+ ina alama ndogo lakini muziki haujaguswa. VG ina kelele za kusikika katika sehemu tulivu. G, ijapokuwa tafsiri yake ni nzuri, maana yake ni santuri iliyochakaa. Swali la kwanza la kuuliza ni kama kiwango kimetolewa kwa macho au kwa kuicheza. Kwa santuri hii, cha macho hakifai kitu zaidi ya VG+ ya kubahatisha.

Omba picha nne: lebo mbili, ukanda mtupu wa pande zote mbili ukiwa umeangazwa. Kisha omba rekodi fupi ya dakika ya mwisho ya upande wa pili, hata ya simu. Rekodi ya simu haitakuonyesha ubora, lakini tarumbeta zilizopasuka zinasikika hata humo. Muuzaji mwenye nia njema hatachoka na maombi haya.

Mwambie asafirishe sahani ikiwa nje ya jalada, ndani ya mfuko wake wa ndani, nyuma ya jalada. Ikibaki ndani, kila mtikisiko wa safari huifanya ipige mshono kama shoka, na jalada la mwaka 1956 litafika limechanika juu au chini. Pande zote mbili ziwekwe kadibodi ngumu mbili, mawimbi ya moja yakiwa wima na ya nyingine mlalo, zote kubwa kuliko jalada kwa sentimita moja kila upande ili pembe zisigongwe.

Kuiosha

Ioshe hata kama inaonekana safi, na kabla ya kuicheza mara ya kwanza. Sindano inayopita juu ya mchanga husaga ule mchanga kwenye ukuta wa mtaro.

Kwa lita moja ya dawa changanya mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili: mara nyingi pembeni yake hukaa asidi ya betri, chupa zikifanana. Maji ya bomba au kisima usiyatumie hata kwa suuza ya mwisho. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na yakikauka huacha unga mweupe ndani ya mtaro ambao utausikia. Spiriti ya kuwashia jiko nayo hapana, kwa rangi na mabaki yake.

Dawa hii ni ya vinili pekee. Santuri za mzunguko 78, zile nzito zinazovunjika, pamoja na taarabu na dansi za zamani zilizobaki makabatini mwa familia nyingi, zimetengenezwa kwa sheleki, na alkoholi huiyeyusha sheleki. Hizo ni maji yaliyokenekwa na tone la sabuni tu, na kukaushwa upesi.

Anza kwa brashi kavu ya nyuzi za kaboni ukifuata mtaro. Ukiona ukungu, madoa meupe yenye umbo la utando, toka nje ya nyumba na uvae barakoa kabla ya kupiga brashi. Kisha ilaze sahani juu ya taulo safi isiyotoa nyuzi, lebo ukiifunika kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira. Lebo za karatasi za miaka ya 1950 hupauka na kukunjamana zikiloa. Weka mililita 10 hadi 15 za dawa, zisambaze kwa brashi laini ya nywele za mbuzi au pedi ya mahameli, ukizunguka na mtaro na wala si kuukata. Iache dakika moja au mbili, isikauke. Ongeza mizunguko katika sentimita tatu za ndani za upande wa pili, maana huko ndiko vumbi husukumwa na kubaki. Suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa matupu. Kuruka suuza ndicho chanzo cha wengi kulalamika kwamba santuri imezidi kuchakacha baada ya kuoshwa. Ifute kwa kitambaa cha nyuzi ndogo, isimamishe kwenye rafu ya kukaushia sahani za chakula, kivulini, saa moja au zaidi.

Irudishe kwenye mfuko mpya wa ndani. Ule wa zamani una vumbi lilelile ulilolitoa. Mfuko wa plastiki laini unaonuka kama mpira mpya, yaani PVC, usitumie, kwani kemikali zake huhama na kuacha ukungu wa kudumu juu ya vinili, na joto la Mombasa au Muscat huharakisha kazi hiyo. Poliethilini au karatasi yenye bitana yake ndiyo salama.

Kuiandaa mashine

Kama mashine yenyewe ni ya mtumba, badilisha sindano kabla ya kuweka santuri hii juu yake. Huwezi kujua imetembea saa ngapi. Almasi ya ncha ya sindano huhesabiwa saa 500 hadi 1,000, na iliyopita hapo huwa patasi.

Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ina mtego. Transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110 haibadilishi mzunguko wa umeme, ambao kwetu ni hezi 50 na kwao ni 60. Mota ya zamani ya umeme wa moja kwa moja kutoka ukutani hufuata hezi, kwa hiyo sahani itazunguka kama mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Bendi ya Ellington itashuka zaidi ya nusu-toni tatu na Gonsalves atasikika kama amechoka tangu mzunguko wa kwanza. Dawa ni kapi ya mota ya hezi 50 ya modeli hiyo, au mashine ambayo mota yake hutumia adapta ya umeme wa DC. Vitone vya kupimia kasi ukingoni mwa sinia la mashine navyo vina safu tofauti za 50 na 60. Tazama safu iliyo sahihi.

Uzito wa sindano uufuate wa mtengenezaji wa katriji, yaani kichwa kinachobeba sindano, si wa kukisia. Ortofon 2M Red ni gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2.0. Pima kwa mizani ndogo ya sonara yenye kusoma 0.01, lakini hakikisha sehemu ya kupimia si ya chuma kinachovutwa na sumaku, maana katriji ina sumaku na itakudanganya. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanailinda sahani. Wanafanya kinyume: sindano nyepesi hupoteza mguso kwenye tarumbeta kubwa, ikarudi kwa kugonga, na kila pigo huchimba ukuta. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chagua kizito.

Sasa pembe ya katriji, ambayo ndiyo kiini cha yote kwa santuri hii. Mkono unaozunguka kwenye ekseli moja huwa sawa na mtaro katika sehemu mbili tu za sahani, na kwingine kote hukosea kidogo. Mpangilio wa Baerwald, unaotumika sana, huweka sehemu hizo milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati. Wa Stevenson huziweka 60.3 na 117.4. Stevenson hukubali kosa kubwa kidogo katikati ya upande ili kosa liwe sifuri kabisa mwishoni, na mwishoni ndiko kilele chetu kiliko. Kwa anayecheza jazi na simfoni zinazomalizikia kwa kishindo, tunapendekeza Stevenson. Ukichapisha karatasi ya kupimia nyumbani, iamuru printa isipunguze ukubwa, kisha upime kwa rula. Asilimia tatu za kupungua huharibu zoezi lote.

Bonyeza swichi ya mono kama amplifaya yako inayo. Muziki wa CL 934 umo kwenye mwendo wa kulia na kushoto wa mtaro pekee. Mwendo wa juu na chini ni kelele, uchafu na mpindo, na mono huufuta. Tofauti ni kubwa, hasa kwenye ile piano ya mwanzo. Katriji ya mono hufanya hilo kabla hata ya amplifaya, lakini ya zamani isiyoweza kwenda juu na chini isiguse santuri yoyote ya stereo, itaiharibu.

Kama mwisho wa upande wa pili bado unapasuka baada ya haya yote, jaribu umbo jingine la sindano. Ya duara ya mikroni 18 hukaa chini zaidi kwenye mtaro wa mono kuliko ya mikroni 25 iliyokuwa kawaida ya enzi hiyo, na inaweza kukuta ukuta ambao haukuguswa na mtu. Nakala nyingine hukubali kinyume chake, kwa sababu mmiliki wa mwisho aliichosha kwa 18 na sehemu ya juu ikabaki nzima. Sindano zenye mstari mwembamba wa mguso, kama za aina ya mikrolaini, hufuata mawimbi makali ya ndani vizuri kuliko zote, ingawa kwenye ukuta uliokwisha kuchanika husoma pia kila mchaniko.

Kuihamishia kwenye kompyuta

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Weka kiwango kwa kucheza kilele cha upande wa pili kwanza, si mwanzo wa wimbo. Diminuendo huanza kwa piano kabla bendi haijaingia, na atakayepima hapo ataona sauti imekatika dakika 14 baadaye. Kwa stereo tegemea megabaiti 35 hivi kwa dakika. Rekodi pande zote mbili za katriji, kisha zichanganye kuwa mono ndani ya programu ya Audacity, ili ukisikia upande mmoja wa ukuta umeumia uweze kuutupa na kubaki na mzuri.

Kifaa cha kuondoa tiki kitumie kwa mkono mwepesi sana, au usikitumie kabisa katika solo. Hutafuta sauti fupi na kali, na makofi ni sauti fupi na kali, kama zilivyo fimbo za Sam Woodyard, mpiga ngoma wa bendi, juu ya ukingo wa ngoma. Kikiachiwa wimbo mzima, hadhira ya Newport hugeuka mvua laini juu ya bati na ngoma hupoteza ncha. Kata kelele kwa mkono, moja baada ya moja, ukiongozwa na zile sekunde 1.8: ukipata tiki ya kwanza ya mkwaruzo, ruka mbele 1.8 na ya pili iko pale, na ya tatu, hadi zitakapofifia. Hifadhi faili ambalo halijaguswa pembeni.